Mbuzi Ndani ya Gunia

Somo: Yoshua 9:3–27

Twawasalimu nyote kutoka huku Kona Baridi, mahali ambapo barabara ya Magadi ikiisha kuiacha Kiserian huanza kuteremka kuelekea Bonde la Ufa. Twawasalimu ninyi mlioko Kitengela, Isinya, Kajiado mjini, Bissil na Namanga, na ninyi nyote mtusikiao mkiwa jikoni, safarini au malishoni. Karibuni tulitafakari Neno la Mungu kwa kitambo hiki kifupi.

Majuma haya ya Majilio twajiandaa kumpokea Bwana. Lakini tuseme kweli, twajiandaa pia kwa mambo mengine. Watoto wamefunga shule, nao wangojea nguo mpya. Wageni wako njiani. Kijana afanyaye kazi katika viwanda vya Athi River amepokea mshahara wake, na sasa apiga hesabu: nauli ya kwenda nyumbani, kitenge cha mama, mchele, mafuta, na karo ya Januari ambayo haimngojei mtu. Katika majuma haya fedha nyingi hupita mikononi mwetu kwa haraka kuliko majira mengine ya mwaka. Nasi tukumbuke kwamba mwizi naye ana kalenda. Anajua Desemba ni lini.

Kwa hiyo leo tumeona yafaa tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine watasema si la mimbarani, yaani kununua na kuuza kwa njia ya simu na intaneti wakati huu wa sikukuu, na hila za walaghai wanaotungojea humo. Sisi twaona ni jambo la mimbarani kabisa. Maana fedha ya mjane ni jasho lake, na palipo na jasho la maskini, Neno la Mungu lina la kusema.

Ndugu wasikilizaji, sisi watu wa Kajiado si washamba wa biashara. Nenda siku ya mnada kule Bissil au Kiserian ukatazame jinsi mnyama anavyonunuliwa. Mnunuzi hafiki tu akatoa fedha. Humzunguka yule ng'ombe mara mbili, mara tatu. Humfunua mdomo ayatazame meno, apate kujua umri wake. Humpapasa mgongo na mbavu. Hutazama alama ya sikio na chapa ya mwenyewe. Huuliza ametoka boma gani, na kama kipo kibali cha kumhamisha. Kisha huondoka kidogo, akanywe chai, huku muuzaji akimwita kwa sauti kubwa kwamba mtu mwingine amekwisha kumtaka. Mnunuzi mwenye akili hageuki. Anajua maneno hayo ni ya kila mnada.

Waswahili wana msemo juu ya mtu asiyefanya hivyo. Husema ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Amesikia sauti ikilia, ameona gunia likitikisika, akatoa fedha yake. Alipofika nyumbani akalifungua, akakuta si mbuzi.

Sasa tustaajabu kidogo. Mtu yule yule aliyekagua meno asubuhi, jioni huketi kitini, akaishika simu yake, akaona picha ya friji au ya kochi au ya viatu vya watoto, na bei yake ni nusu ya bei ya dukani. Kwa dakika tano amekwisha kutuma fedha kwa mtu asiyemjua, kwa ajili ya kitu asichokigusa, kutoka duka asilolifikia. Mnadani alikuwa mwerevu, na simuni amenunua mbuzi ndani ya gunia. Akili yake haikupungua kati ya asubuhi na jioni. Hakuitumia tu, kwa sababu kioo kile cha simu humfanya mtu aone kwamba amekwisha kukagua, hali hakukagua lolote.

Tusielewane vibaya. Hatusemi kwamba simu ni dhambi. Tangu M-Pesa ianze nchini mwetu mwaka 2007, mama aliyeko Magadi aweza kupokea msaada wa mwanawe aliyeko Mombasa kabla chai haijapoa. Hapo zamani fedha hizo zilipitia kwa dereva wa basi, na mara nyingine zilipotea njiani. Wala si wote wauzao kwa intaneti ni waongo. Wengi ni vijana waaminifu, wajitafutiao riziki kwa jasho. Mungu awabariki. Lakini njia iliyo pana kwa mwaminifu ni pana pia kwa mwongo, nasi hatuna budi kujifunza kumtambua.

Tuwaeleze habari ya mama mmoja wa sehemu zetu. Jina lake tutalisitiri. Yeye ni mjane, na ule ukame wa mwaka 2021 na 2022 ulimwachia mbuzi wachache sana. Mwezi wa Novemba aliwauza watatu. Alikuwa ameazimia kununua cherehani, apate kushona sare za shule, na kwa faida yake amlipie binti yake karo ya Januari. Ilikuwa azimio jema, wala si la tamaa. Tafadhali mlikumbuke hilo, maana watu hupenda kusema kwamba wanaodanganywa ni wenye tamaa tu.

Katika Facebook aliona ukurasa wa duka la cherehani. Palikuwa na picha za mashine zilizopangwa vizuri, na maneno ya wateja wakishukuru. Aliuliza, "Duka lenu liko wapi?" Akaambiwa liko katikati ya Nairobi, ghorofa ya tatu. Akasema, "Basi nitakuja Jumamosi nione." Akajibiwa kwamba bei ya Krismasi inaisha usiku ule, na mashine imebaki moja. Na ili asiwe na wasiwasi, akatumiwa picha ya kitambulisho cha mwenye duka. Akatuma shilingi 9,500.

Kesho yake alipigiwa simu akaambiwa kwamba mzigo umefika stendi ya Kiserian, ila yatakiwa shilingi 1,800 za bima, ambazo atarudishiwa. Akatuma. Kisha akaambiwa 2,500 za stakabadhi. Akatuma hizo pia, kwa sababu aliona kwamba akiacha hapo, zile za kwanza zitapotea. Baada ya hapo simu ile haikupatikana tena. Jumla yake shilingi 13,800. Huko stendi hakukuwa na mzigo wowote.

Ndugu msikilizaji, hebu sasa tulifungue lile somo letu, Yoshua sura ya tisa. Wana wa Israeli walikuwa wamepiga kambi Gilgali. Watu wa Gibeoni, waliokaa karibu sana, waliogopa, wakafanya hila. Walivaa nguo zilizochakaa na viatu vyenye viraka. Walipakia punda wao magunia makuukuu na viriba vya divai vilivyopasuka na kushonwa. Mikate yao ilikuwa mikavu, imeota ukungu. Wakaja mbele ya Yoshua wakasema wametoka nchi ya mbali, wataka kufanya agano.

Tuangalie jambo hili kwa makini. Waisraeli hawakuwa wajinga. Waliuliza swali lililo sawa kabisa: pengine ninyi mwakaa karibu nasi? Ndilo swali lenyewe lililotakiwa. Lakini waliridhika na jibu la namna gani? Wagibeoni waliwaonyesha mkate. Wakawaonyesha viriba. Wakawaonyesha nguo na viatu. Na wazee wa Israeli wakavipokea vyakula vile, wasitake shauri kwa Bwana. Walikagua, naam, lakini walikagua vitu vilivyotoka katika gunia la yule yule aliyekuwa akiwadanganya. Siku tatu baadaye wakasikia kwamba watu wale ni jirani zao.

Hapo ndipo ulipo mtego wote, nao haujabadilika tangu siku za Yoshua. Mama yule aliuliza swali lililo sawa, "Duka lenu liko wapi?" Lakini kila ushahidi aliopewa ulitoka gunia moja. Picha za duka zilitoka kwa yule mtu. Shukrani za wateja ziliandikwa na yule mtu au wenzake. Kitambulisho kile, huenda kiliibiwa kwa maskini mwingine asiyejua lolote. Ulikuwa mkate mkavu wa Wagibeoni. Na kadiri mwongo anavyotaka kukuvua fedha nyingi, ndivyo anavyouandaa mkate wake vizuri zaidi.

Basi tupokee mafundisho machache, tuyaweke moyoni kabla ya kutuma fedha.

La kwanza: tuutafute ushahidi kwa njia ambayo muuzaji hakutupa yeye. Ikiwa asema duka liko Nairobi, ni nani kati yetu asiye na ndugu, mpwa au mshirika mwenzake huko? Apande ngazi hadi ghorofa ya tatu, atazame kwa macho yake. Ikiwa ukurasa watumia jina la duka kubwa linalojulikana, tusiipige namba iliyo kwenye ukurasa huo. Twende katika duka lenyewe, au tuitafute namba yake mahali pengine, tuulize kama ukurasa ni wao. Tumwulize mtu tumjuaye kwa uso, aliyekwisha kununua hapo na kupokea. Na tunapotuma fedha kwa M-Pesa, jina la mwenye namba huonyeshwa kwetu. Tulisome polepole. Ikiwa duka lajiita kampuni, na jina linalotokea ni la mtu binafsi ambaye hatujapata kumsikia, tusitishe hapo hapo. Lililo bora zaidi ni kulipa baada ya mzigo kufika, tukiisha kuufungua na kuuona. Muuzaji akikataa hilo kwa ukali, tumshukuru kwa kutuonyesha tabia yake mapema.

La pili: tuiogope haraka. Mwongo hana adui mkubwa kuliko muda. Ukilala usiku mmoja, utamwambia mwenzako. Mwenzako atauliza. Hila itafichuka. Ndiyo sababu daima bei yake huisha leo, na bidhaa zake daima zimebaki moja. Waswahili husema haraka haraka haina baraka, na katika jambo hili msemo huo ni kweli tupu. Nasi tuwe na desturi nyumbani mwetu kwamba fedha inayozidi kiasi fulani haitumwi usiku, wala haitumwi siku ile ile ilipoombwa. Kitu chema kitakuwapo kesho. Na ikiwa hakitakuwapo, tutakuwa tumebaki na fedha yetu.

La tatu: tukiona malipo yanazaa malipo, tukate mara moja. Bima, stakabadhi, ushuru, ada ya ghala, hivi vyote ni ndoano juu ya ndoano. Mtu hutuma fedha ya pili ili kuiokoa ya kwanza, na ya tatu ili kuziokoa mbili. Ni afadhali kupoteza kidole kuliko mkono. Twawaomba sana wazazi na vijana, lishikeni hili.

La nne: namba ya siri ni ya siri. Hakuna mfanyakazi wa benki wala wa kampuni ya simu mwenye haki ya kutuuliza. Safaricom wenyewe wamekwisha kutangaza mara nyingi kwamba wakimpigia mteja hutumia namba moja tu, 0722 000 000, wala hawaulizi namba ya siri. Vivyo hivyo, zile tarakimu sita ambazo WhatsApp hutuma kwa ujumbe, tusimpe mtu yeyote, hata akisema ni za kuthibitisha mzigo wetu. Akizipata, ataichukua WhatsApp yetu, na kwa jina letu ataanza kuwaomba fedha jamaa na washirika. Ndiyo sababu tukipata ujumbe wa rafiki aombaye mkopo wa ghafula, tumpigie tuisikie sauti yake. Na hata sauti ikisikika ngeni au ya mashaka, tumwulize jambo alijualo yeye peke yake.

Sasa tuwageukie ninyi mnaouza, maana msimu huu walaghai huwawinda nanyi pia. Wewe mama unayeuza kuku, au kijana unayeuza simu yako iliyotumika, mnunuzi hukuonyesha ujumbe katika simu yake kwamba amekwisha kulipa. Au wewe mwenyewe wapata ujumbe uliofanana kabisa na ule wa M-Pesa. Usitoe mali. Ujumbe wake umetoka gunia lake. Wewe tazama salio lako, kwa mkono wako, katika simu yako. Likiwa limeongezeka, mpe kuku wake na umbariki. Na mtu akikupigia analia kwamba amekutumia fedha kimakosa, umrudishie upesi, usiirudishe kwa mkono wako kwa namba anayokutajia. Kwanza utazame salio, kisha umwambie aupeleke ujumbe wake wa kutuma kwa namba 456, ili kampuni yenyewe ishughulike. Aliyekosea kweli atakubali. Mwongo ataanza kutukana.

Nanyi wauzaji Wakristo, tuwakumbushe jambo moja. Mithali 11 yafundisha kwamba mizani ya uongo ni chukizo kwa Bwana, na nabii Amosi aliwakemea wale waliopunguza kipimo na kuongeza bei. Picha nzuri kuliko kitu chenyewe ni mizani ya uongo. Kumwambia mtu kwamba kimebaki kimoja, hali ghalani viko ishirini, ni mizani ya uongo. Tusilalamikie walaghai huku nasi twatumia maneno yao.

Ndugu zetu, lipo jambo jingine linalotuhusu sana sisi wa kanisa. Siku hizi karibu kila chama cha akina mama, kila kwaya na kila umoja wa vijana una kundi lake la WhatsApp. Mshirika aona tangazo la bei nzuri, alituma katika kundi kwa nia njema, bila neno. Lakini mwenzake alipokeapo hasemi kwamba limetoka kwa mtu asiyejulikana. Husema limetoka kwa mama fulani wa kanisani. Jina lako limekuwa muhuri. Ukilisambaza tangazo usilolijua, umetoa ushuhuda juu ya jambo ambalo hukuliona, na tunajua amri ya Mungu yasemaje juu ya shahidi wa uongo.

Tusisahau yaliyotupata mwaka 2006 na 2007, wakati mipango ya piramidi ilipoienea nchi yetu. Mmoja wao, ulioitwa DECI, ulisambaa sana kwa kupitia makanisani, hata watu wakauita kupanda mbegu. Kamati ya serikali iliyoongozwa na Francis Nyenze ilitoa ripoti mwaka 2009, ikaonekana kwamba Wakenya walikuwa wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 katika mipango hiyo. Wengi hawakumwamini mwenye mpango, maana hawakumjua. Walimwamini ndugu aliyeketi karibu nao ibadani. Basi kanisa lisiwe tena mlango wa mwizi. Sisi wachungaji, wazee wa kanisa na viongozi wa vyama, tuwe wa kwanza kuuliza maswali, wala tusiruhusu biashara yoyote itangazwe mbele ya washirika kabla hatujaijua.

Je, Maandiko yatupa mfano wa mtu aliyenunua vizuri? Yatupa. Katika Yeremia sura ya 32, nabii Yeremia alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Aliyemwuzia hakuwa mgeni, bali Hanameli, mwana wa mjomba wake. Hata hivyo Yeremia hakusema, "Huyu ni wa nyumbani, maandishi ya nini?" Aliipima fedha katika mizani. Aliandika hati, akaitia muhuri, akawaita mashahidi wakatia sahihi zao. Kisha akamwamuru Baruku aziweke hati katika chombo cha udongo, zipate kukaa siku nyingi. Tena Mungu mwenyewe ndiye aliyekuwa amemwambia anunue! Imani yake haikumfanya apuuze stakabadhi. Nasi, tusiwe watu wa kusema, "Nimemwachia Mungu," ili tu tukwepe kazi ya kuuliza. Bwana wetu aliwatuma wanafunzi kama kondoo kati ya mbwa mwitu, na katika Mathayo 10 aliwataka wawe na upole wa njiwa pamoja na busara ya nyoka. Hakutuamuru tuchague moja.

Basi na sisi tuwe na chombo chetu cha udongo. Ujumbe wa malipo tusiufute. Maneno yote tuliyoandikiana na muuzaji tuyahifadhi, pamoja na namba yake na picha za ukurasa wake. Sheria ya nchi iko upande wetu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 yamtaka auzaye kwa intaneti amweleze mnunuzi habari zote zipasazo kabla ya mapatano, na kumpa nafasi ya kukubali au kukataa. Na Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya mwaka 2018 yaweka adhabu kwa wale watumiao mtandao kuwalaghai wengine. Lakini hakimu hawezi kuhukumu bila ushahidi.

Na sasa twafika katika jambo lililotusukuma kusema nanyi leo. Turudi kwa yule mama. Alipotambua kwamba ameibiwa, alikaa kimya. Aliona haya. Alijua watakavyosema: alizaliwa jana, alifuata tamaa, hakusoma. Kwa majuma matatu hakumwambia mtu. Katika majuma hayo mwanachama mwenzake aliuona ukurasa ule ule, akamwuliza, "Je, wewe hukununua kwa hawa?" Akajibu, "La, sikununua." Mwenzake akatuma fedha. Wiki iliyofuata, wa tatu akatuma. Ni huyu wa tatu aliyelia mbele ya chama chote, ndipo mama yule akasimama, akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi pia. Mimi nilikuwa wa kwanza."

Wapenzi wasikilizaji, tusimlaumu kwa kunyamaza kwake bila kujiuliza ni nani aliyemfunga kinywa. Alifungwa na vicheko vyetu. Yule mwizi alimwibia mara moja, lakini hofu ya kuchekwa ndiyo iliyompa mwizi nafasi ya kuiba mara ya pili na ya tatu. Mahali ambapo aliyedanganywa huchekwa, walaghai hupata ulinzi bora kuliko wa ukuta. Yoshua na wazee wake walidanganywa, nao walikuwa viongozi wa taifa la Mungu. Mtu akidanganywa, kosa kubwa ni la aliyedanganya.

Kwa hiyo, wewe uliyepatwa na jambo hili, na pengine wasikiliza sasa huku hujamwambia hata mwenzi wako, twakusihi sema leo. Sema nyumbani. Mwambie mchungaji wako. Pigia kampuni ya simu upesi, maana fedha isiyotolewa bado yaweza kuzuiwa, lakini iliyokwisha kutolewa ni vigumu kuirudisha. Namba ya mlaghai ipeleke kwa ujumbe kwa 333, ambako Safaricom hupokea taarifa za walaghai. Nenda kituo cha polisi, uandikishe habari yako, upewe namba ya kumbukumbu. Waweza pia kuwapigia Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, kwa namba isiyolipiwa 0800 722 203. Huenda fedha yako isirudi, hatutakuahidi lisilo hakika. Lakini sauti yako yaweza kumwokoa jirani yako.

Nanyi mnaopokea habari hizo, tafadhali neno la kwanza lisiwe "Kwa nini hukuuliza?" Neno la kwanza liwe "Pole." La pili liwe "Tusaidiane." Yale maswali yana wakati wake.

Chama cha mama yule hakikumcheka. Waliazimia kwamba kuanzia siku ile, yeyote atakaye kununua kwa simu ataleta neno kwanza mbele ya wenzake, nao watatazama pamoja, kama wazee wanavyomzunguka ng'ombe mnadani. Walichanga sehemu ya karo ya binti yake. Sehemu nyingine bado ni deni, na shule haijasahau. Mbuzi watatu hawakurudi. Lakini mama yule sasa ndiye anayeulizwa na wengine kabla hawajatuma fedha, naye huwaeleza yote, tangu ghorofa ya tatu mpaka stendi ya Kiserian, bila kuficha.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyetupa akili ili tuitumie na jirani ili tumpende, tulinde katika majuma haya ya sikukuu. Utupe subira tunaposukumwa, na ujasiri wa kuuliza tunapoona haya. Uwatazame waliopoteza jasho lao, uwafariji, uwafungulie mlango mwingine. Uwageuze mioyo wale wanaokula mali ya wajane, wapate kazi ya halali na kutubu. Ulifanye kanisa lako kuwa mahali ambapo aliyeumizwa aweza kusema bila kuogopa. Twaomba haya kwa jina la Mwanao Yesu Kristo, ambaye twamngojea. Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji. Bwana akipenda tutakutana tena juma lijalo, saa na wakati kama huu.